Ziara ya siku moja Unguja na mwongozaji wetu wenyewe, tunatokea Dodoma: nipange vipi?

Mama Ipagala

Wakuu habari za jioni. Likizo ya Juni tunataka kwenda Unguja, tuko sita: mimi, baba watoto, bimkubwa wa miaka 68 mwenye magoti mabovu, na watoto wa miaka 13, 9 na 4. Hatutaki kuchanganywa na kundi. Tunataka gari letu na mwongozaji wetu, tuende kwa mwendo wa bimkubwa.

Nimetumiwa ofa ya bei moja, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni: Mji Mkongwe, shamba la viungo, kisiwa cha Changuu, msitu wa Jozani na kuogelea Nungwi. Maswali yangu: (1) Vyote hivyo vinaingia kweli kwenye siku moja? (2) Niulize nini kabla ya kutuma pesa? (3) Tunaweza kutoka Dar alfajiri na kurudi Dar jioni hiyohiyo? (4) Boti jamani. Kwetu maji mengi ni bwawa la Hombolo, hakuna aliyewahi kupanda.

---

Ng'ambo_Dom

Dada, piga hesabu mwenyewe uone. Changuu ni dakika 20 hadi 30 za boti kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Weka saa moja na nusu kisiwani na muda wa kupanda na kushuka, utafika kama saa 3. Mashamba ya viungo yako Kizimbani, Kidichi na Dole: nusu saa kwenda, saa moja na nusu shambani, nusu saa kurudi. Jozani ni kama kilomita 35 kusini mashariki mwa mji, dakika 45 kila upande, na matembezi ya saa moja na nusu. Nungwi iko ncha ya kaskazini, saa moja na nusu kila upande, na huendi kule kuogelea dakika 20. Mji Mkongwe kwa miguu ni saa 2. Jumla inapita saa 15, na ofa yako ni ya saa 10. Hapo bado hamjala.

Ofa za namna hiyo hazina uongo wa moja kwa moja. Mtafikishwa kila mahali, ila mtashuka, mtapiga picha, mtapanda. Jozani na Nungwi ziko pande mbili tofauti za kisiwa, kwa hiyo nusu ya siku bimkubwa atakuwa amekaa garini. Kwa siku moja chukua vitu viwili vikubwa na kimoja kidogo, basi.

Mji Mkongwe magari hayaingii vichochoroni, na mawe yanateleza. Kwa bimkubwa omba mwongozaji apange njia fupi ya tambarare: Forodhani, Ngome Kongwe, kisha gari liwazungushe hadi Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Pale kuna vyumba vya chini ambamo inasemekana walifungiwa watumwa. Vina ngazi na dari fupi, yeye abaki juu kanisani. Beit el-Ajaib (Jumba la Maajabu) mtaitazama kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020, kwa hiyo ukiona ratiba imeandika "kuingia Jumba la Maajabu" ujue imenakiliwa kutoka karatasi ya zamani.

---

Bamvua

Kabla ya kuchagua mahali, chagua maji. Wabara wengi hupanga ziara ya Unguja kama safari ya Mikumi, wakidhani ufukwe uko palepale siku nzima.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa 6 na robo kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo Unguja maji hutoka kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na kujaa saa 10 hadi 11 jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu: asubuhi ndiyo maji yamejaa, jioni yametoka, na tofauti ni ndogo. Kwa hiyo hata bila jedwali, ukijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu unapata picha ya siku yako. Jedwali la maji la bandari ya Zanzibar lipo mtandaoni, litumie kuhakikisha dakika.

Sasa maana yake kwenu. Pwani ya mashariki (Paje, Jambiani, Bwejuu) ni tambarare, na bamvua likitoka unaweza kutembea zaidi ya kilomita moja hadi kuyakuta maji. Ukifika Paje saa 4 asubuhi siku ya bamvua utaona akina mama wakilima mwani, jambo zuri kulitazama, lakini watoto hawataogelea. Nungwi na Kendwa ufukwe unashuka haraka, unaogelea wakati wowote. Fungu la mchanga la Nakupenda, katikati ya bahari, ni kinyume chake: linataka maji yaliyotoka, kwa sababu yakijaa mchanga wenyewe unazama. Mtu akikuuzia Nakupenda saa 10 jioni siku ya bamvua, mwulize mtasimama juu ya nini.

Halafu Juni ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Upepo unapiga upande wa mashariki na huongezeka mchana. Paje mtakuta vishada vinavyowavuta watu juu ya maji kila mahali, si pa kumwachia mtoto wa miaka 4. Upande wa Kendwa umekingwa, maji yametulia.

---

Mtaa wa Saba

Naongezea kwenye maswali ya pesa, maana hapo ndipo watu hugombania na mwongozaji mchana wa jua kali.

Ziara binafsi bei yake ina sehemu za namna mbili. Gari, mwongozaji na boti hulipwa kwa kimoja kizima, muwe wawili au sita. Viingilio na chakula hulipwa kwa kichwa. Ukipewa bei moja ya jumla, omba ivunjwe namna hiyo kwa maandishi. Ndipo utaona kama wamewahesabu watoto kwa bei ya watu wazima, na kama viingilio vimewekwa kwa bei ya mgeni wa nje badala ya mwananchi. Sehemu nyingi zina bei mbili, na tofauti ni kubwa. Bebeni kitambulisho cha NIDA na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, msibaki kubishana dirishani.

Uliza haya kwenye simu, uandikiwe kwenye ujumbe:

- Saa zinaanza kuhesabiwa mkichukuliwa hotelini au gari likitoka kituoni kwao? Saa ya ziada ni shilingi ngapi?
- Kiingilio na chakula cha mwongozaji na dereva viko ndani ya bei?
- Gari ni lipi, lina viti vingapi, kiyoyozi kinafanya kazi? Sita pamoja na dereva na mwongozaji ni wanane. Noah itawabana, ombeni Hiace au Alphard.
- Upepo ukizuia boti, pesa ya boti inarudi au inahamia kitu gani?
- Mwongozaji ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar? Utumiwe picha yake na jina lake mapema.
- Atazungumza Kiswahili siku nzima? Swali linachekesha ila liulize. Wengi wamekariri maelezo yao kwa lugha za wageni, na bimkubwa asipoelewa mtageuka wakalimani.

Malipo: tanguliza sehemu ndogo kwa lipa namba au akaunti yenye jina la kampuni. Iliyobaki ilipwe asubuhi mkishaona gari. Jina la mtu binafsi lisilofanana na la kampuni ni sababu tosha ya kusimama.

Mkishuka bandarini mtapokelewa na papasi, yaani dalali wa watalii. Atasema "mwenyeji wenu amenituma". Usimtajie jina la kampuni wala hoteli, mwulize yeye akutajie jina lako. Hapo huachana na wewe mwenyewe.

Shamba la viungo nalo huishia kwenye meza ya pakiti, na ziara za mjini hupitia maduka ambayo mwongozaji hupata kamisheni. Si dhambi, lakini mwambie mapema: duka moja, dakika 15. Karafuu na mdalasini soko la Darajani utavipata bila msukumo huo.

Na kama mna mgeni asiye Mtanzania kwenye msafara, tangu 1 Oktoba 2024 anatakiwa kuwa na bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44. Nyinyi haiwahusu.

---

Kisasa_Reli

Swali la 3: usijaribu. Boti ya saa 1 asubuhi inafika Unguja kama saa 3. Ya mwisho ya mchana hutoka karibu saa 10, na getini uwe umefika saa nzima kabla. Ukitoa muda wa kutoka bandarini na chakula, umebaki na saa 5 hivi, nyote mkitazama saa.

Panda SGR Dodoma siku ya kwanza, nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA ni 31,000, na watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, kwa hiyo hata mdogo wako analipa. Lala Dar, au treni ya asubuhi sana ikikubali unganisha boti ya mchana, kwa sababu stesheni na bandari ya boti si mbali. Siku ya pili fikeni Unguja, mlale. Ziara iwe siku ya tatu. Kurudi, usikate treni ya jioni ileile mnayoshuka botini. Bahari ikichelewesha saa moja tu, tiketi sita zimekwenda.

Kichefuchefu: kaeni sitaha ya chini, katikati au nyuma, kwa sababu mbele na juu ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Kuleni kitu kikavu kidogo saa moja kabla. Tumbo tupu linatapisha sawa na tumbo lililojaa supu. Dawa ya kichefuchefu cha safari inywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika umechelewa. Kwa wa miaka 4 mwulize mfamasia kipimo kwa uzito wake, usimkatie kidonge cha mtu mzima. Simu na katuni ziwekwe mbali, atazame nje dirishani. Boti ya asubuhi huwa tulivu kuliko ya mchana.

---

Mama Ipagala

Asanteni sana, kumbe ningelipa ujinga. Tarehe tunayoifikiria ni Jumamosi, itakuwa mwezi 16 kwa kalenda ya Kiislamu. Kwa hiyo bamvua? Watoto wanataka kobe na nyani, bimkubwa anataka viungo na kukaa mahali pa kivuli aone bahari. Changuu ataweza?

---

Bamvua

Ndiyo, bamvua. Maji yatatoka kama saa 4 na nusu hadi saa 5 asubuhi.

Changuu kwa bimkubwa hapana. Boti nyingi za mjini unapandia ufukweni, miguu ndani ya maji hadi magotini, kisha unanyanyua mguu kuvuka ubavu wa boti inayoyumba. Maji yakitoka inaongezeka safari ya kutembea kwenye mchanga mbichi na mawe. Siku yake iwe ya kaskazini: saa 2:30 mtoke mjini, viungo Kizimbani hadi saa 4:30 jua halijachoma, kisha Nungwi kwenye bwawa la kasa la Mnarani (kasa ni wa baharini, kobe ni wa nchi kavu, watoto watawabishia), chakula, halafu Kendwa hadi saa 10:30. Saa 12 mko hotelini. Hakuna boti, na maji hayawapangii ratiba.

Kobe wakubwa wa Changuu wanatokana na wanne walioletwa kutoka Shelisheli 1919. Hao baba watoto awapeleke wakubwa wawili kesho yake, boti itoke saa 1:30 asubuhi, saa 4:30 wamerudi. Jela iliyojengwa pale 1893 haikuwahi kuwa jela, ilitumika kuwatenga wagonjwa, mwongozaji akisema vinginevyo msimbishie sana. Maboya ya kujiokolea yahesabiwe kabla ya kusukuma boti, na la mtoto wa miaka 9 liwe saizi yake. La mtu mzima humtoka kichwani akiingia majini.

---

Ng'ambo_Dom

Nakubali kaskazini kwa bimkubwa, ila watoto wametaja nyani. Wa Jozani ni kima punju, hawapatikani popote duniani isipokuwa visiwa vya Zanzibar, na kundi lililozoea watu hukaa karibu na barabara. Njia ni tambarare, bimkubwa anaiweza kwa mwendo wake. Mkiamua Jozani, fanyeni viungo na Jozani, muache Kendwa kabisa, maana zote tatu ndiyo ile ofa ya kwanza imerudi kwa mlango wa nyuma. Mtoto mwenye mafua asiingie, kima huambukizwa, na msiwasogelee chini ya mita 3 hata wakija wenyewe.

Vya kubeba: maji lita moja kwa kila mtu, nguo mbili za ziada kwa mdogo, yeboyebo za kukaza mguuni badala ya kandambili (kwenye mawe kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi, ukikanyaga siku imeisha), na kanga mbili. Mjini na vijijini mabega na magoti yafunikwe, nguo za kuogelea ni za ufukweni tu.

---

Mtaa wa Saba

Dada, ukituma ujumbe kwa kampuni andika hivi: "Watu wazima watatu, watoto 13, 9, 4, raia. Gari la viti visivyopungua nane. Kizimbani, Mnarani, Kendwa. Saa 2:30 hadi saa 12. Mwongozaji wa Kiswahili. Duka moja. Naomba bei ya gari, mwongozaji na viingilio kila kimoja peke yake." Tuma kwa kampuni tatu. Atakayejibu kwa bei moja ya jumla baada ya ujumbe huo, mwache.

Na mkisogeza siku ikaangukia Ijumaa, jueni dereva ataomba kusimama kwa swala kuanzia saa 6 na nusu hivi. Wekeni chakula cha mchana muda huo.