Kupima risasi kwenye rangi ya nyumba ya zamani: kijiti, maabara au mashine?

Mjenzi_Mpole: Wadau, kuna nyumba ya zamani tunataka kuinunua, imebaki kusaini tu. Nasikia rangi za zamani zilikuwa na risasi, ile metali yenye sumu (lead), siyo ya bunduki. Kuna vijiti vya kupimia mwenyewe, kuna kupeleka maabara, na kuna mafundi wenye mashine ya eksirei. Nichague kipi?

BabaWawili: Ya miaka gani? Kuna watoto? Rangi imeshika au inabanduka? Hujasema hata moja.

Kemia: Maabara, mkuu. Unakata kipande kwa kisu kikali, tabaka zote mpaka ufike kwenye mbao, kwa sababu rangi ya chini kabisa ndiyo ya zamani. Marekani rangi huhesabiwa kuwa ya risasi ikifika asilimia 0.5 ya uzito. Kijiti hakikupi namba, kinabadilika rangi tu, na vumbi la lipu ya jasi linaweza kukizuia kuwa chekundu hata kama risasi ipo.

Nahodha77: Nyumba nzima utaikatakata? Mashine inasoma mpaka tabaka za chini bila kuchubua kitu, na unapata jibu palepale. Kwa anayenunua, hakuna kama mashine.

MamaZuu: Naomba niwaeleze yaliyotupata. Tulikuwa tumepanga. Mwenye nyumba akaleta fundi, akasugua kijiti juu ya rangi mpya ya dirisha, hakikubadilika, akasema pako salama. Hakuchana mpaka chini. Kisha wakapiga msasa mkavu madirisha yote, sisi tukiwa mle mle ndani. Vumbi lilitua kila mahali, mpaka kwenye godoro la mtoto, na wakati huo alikuwa anatambaa, kila anachookota anapeleka mdomoni. Alipopimwa damu, risasi ilikuwa juu. Daktari alituambia kwanza tumtoe kwenye ile nyumba. Yale yalikuwa madirisha ya kupandisha na kushusha: kila ukifungua, fremu zinasagana, na chini kwenye mfereji unakuta unga mweupe. Anza kupima hapo, achana na ukuta wa sebuleni.

BabaWawili: Pole sana mama. Mtoto anaendeleaje?

MamaZuu: Kiwango kinashuka, asante. Bado tunampeleka kupimwa.

Fundi_Rangi: Poleni. Ila tusitishane. Rangi iliyoshika vizuri haina shida, paka nyingine juu, maisha yaendelee.

Kemia: Ukutani sawa. Kwenye dirisha na mlango hapana, hiyo mpya itasagika pamoja na ya zamani. Na watu hawatishwi bure: mwaka 1904 daktari Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, aliandika kwamba watoto walikuwa wanapata sumu kutoka kwenye rangi za kuta na reli za baraza. Marekani walikuja kuipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978.

Fundi_Rangi: Basi nisikwangue kitu?

Kemia: Lowesha kwanza, ndipo ukwangue. Msasa mkavu na moto wa kuchomea rangi, achana navyo kabisa.

Mjenzi_Mpole: Samahani, nilikuwa kazini. Nyumba ni ya miaka ya hamsini, madirisha ya mbao, rangi inabanduka upande wa jua. Mke wangu ni mjamzito.

MamaZuu: Hilo ndilo ungeanza nalo! Risasi inapita kwa mama mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Asiguse usafi wa nyumba hiyo kabla haijapimwa. Na pima vumbi pia, sakafuni na kwenye vizingiti vya madirisha, usiishie kwenye rangi.

Nahodha77: Narudia, mashine.

BabaWawili: Na udongo chini ya ukuta huo wa upande wa jua? Rangi inayobanduka nje inaangukia hapo, na ndipo watoto huchezea.

Mjenzi_Mpole: Muuzaji hataki tukate rangi kabla ya kusaini. Mashine pia amekataa. Vijiti tu ndivyo amekubali.

Kemia: Kama ni vijiti tu, mwombe akuruhusu uchane kidogo mpaka mbao. Na mashine amekataa kwa sababu gani, maana yenyewe haikati kitu?

Dada_Mkunga: Mabomba je? Nyumba za umri huo nyingine zina mabomba ya risasi. Kuna aliyewahi kupima maji?