Seva ya skuli: nimebadilisha ratiba, tovuti haibadiliki. Mafaili yamewekwa wapi?

MwalimuChake:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nasomesha skuli moja hapa Chake Chake. Ofisini tuna kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu inayotumika kama seva, na wanafunzi wanafungua tovuti yetu kwa waifai ya skuli. Aliyeitengeneza kenda zake Maskati, kwa simu hapatikani.

Ratiba ya mitihani iliyomo ni ya muhula uliopita. Nimeingia /var/www/html, nikaikuta index.html, nikaibadilisha na kuihifadhi. Nikifungua tovuti, ratiba ni ile ile. Kompyuta nimeizima na kuiwasha mara mbili. Jana mwanafunzi wangu wa Kojani kavuka kwa mashua siku isiyokuwa na mtihani kwa sababu aliisoma ratiba hiyo. Imeniuma sana. Naombeni msaada.

MtuWaDarajani:
Waaleikum salaam mwalimu. Huenda brauza inakuonesha nakala ya zamani. Bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja.

MwalimuChake:
Nimebonyeza, hola. Hata simu ya mwenzangu ambayo haijapata kuifungua tovuti hii inaonesha ya zamani.

FundiWete:
Mwalimu, usihariri kitu tena mpaka tujue seva inasoma wapi. Ndani ya hiyo /var/www/html tengeneza faili jaribu.txt, andika neno lolote, kisha ulifungue kwa brauza: anwani ya tovuti, mkwaju (/), jaribu.txt. Likionekana, folda ni hiyo. Lisipoonekana, unahangaika na folda ambayo seva haiijui.

/var/www/html ni mahali pa kawaida tu pa Apache (programu ya seva inayotoa kurasa za tovuti) kwenye Ubuntu, tena tangu toleo la 14.04, kabla ya hapo ilikuwa /var/www. Fundi anaweza kuielekeza seva popote atakapo, na alipoielekeza pameandikwa kwenye mipangilio. Kwa Apache neno la kutafuta ni DocumentRoot. Fungua dirisha la amri (terminal), uandike:

grep -Ri documentroot /etc/apache2/sites-enabled

MwalimuChake:
Jaribu.txt imenipa 404, yaani halikupatikana. Lakini amri yako imenijibu /var/www/html! Sasa ndiyo nimezidi kuchanganyikiwa.

FundiWete:
Hapo pana jambo. Mipangilio ya Apache yasema folda ni hiyo, na faili limo, lakini anayejibu halioni. Basi anayejibu huenda siye Apache. Andika sudo ss -tlnp, utazame mstari wenye :80 mwishoni mwa anwani, huo ndio mlango (port) wa tovuti. Jina la programu limo kwenye mstari huo huo.

MwalimuChake:
Pameandikwa nginx. Apache simwoni popote.

FundiWete:
Ndiyo hiyo. Zimewekwa programu mbili za seva, na Nginx ndiyo iliyoshika mlango wa 80. Programu mbili haziwezi kushika mlango mmoja kwenye anwani moja, kwa hivyo Apache ikijaribu kuwaka inashindwa. Sasa andika sudo nginx -T. Itakutolea mipangilio yote. Tafuta sehemu yenye server_name ya tovuti yenu, kisha mstari unaoanza na root. Njia iliyoandikwa hapo ndiyo folda yako.

BintiMalindi:
Dada au kaka mwalimu, kabla hujagusa kitu humo, nakili folda nzima pembeni kwa cp -a. Na ukikuta wp-config.php, jua hiyo ni WordPress, programu ya kuendeshea tovuti: maneno ya kurasa yamo kwenye hifadhidata, hutayapata kwenye faili hata ukeshe. Hapo utahitaji nywila ya kuingilia wp-admin, ukurasa wake wa usimamizi.

MwalimuChake:
Nimeipata! root yasema /srv/tovuti/skuli. Si WordPress, ni kurasa za kawaida na ratiba.pdf. Nimechukua nakala kwanza kama alivyosema Binti Malindi, halafu nikaweka ratiba mpya. Lakini sasa nikiifungua naambiwa 403 Forbidden.

FundiWete:
Folda sasa ni sahihi, ila Nginx haina ruhusa ya kulisoma faili. Andika sudo chmod 644 /srv/tovuti/skuli/ratiba.pdf.

MwalimuChake:
Alhamdulillahi, imefunguka, kwenye kompyuta na kwenye simu. Shukran sana nyote, Mungu awalipe. Njia ya folda nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ubavuni mwa kompyuta. Kesho asubuhi namwita yule mwanafunzi wa Kojani aifungue ratiba mbele yangu.