Klabu ya sloti imetawanyika: iRacing, Assetto Corsa, Live for Speed au RVGL?

Nkuhungu_NjiaNne
Wakuu, habari za jioni. Nina meza ya vigari vya kuchezea vya Scalextric, kipimo cha 1:32 (gari dogo mara 32 kuliko la kweli), njia nne, kwenye chumba cha nyuma hapa Nkuhungu, Dodoma. Kila Ijumaa tulikuwa watu sita, chai ya tangawizi, karanga, na kelele mpaka majirani wanauliza leo kuna mechi gani. Mwaka huu uhamisho umetumaliza: mmoja kapelekwa Mwanza, mmoja karudi Dar, mwingine kapangiwa Manyoni. Nimebaki na jirani mmoja na mwanangu wa miaka tisa, ambaye ananishinda halafu anakwenda kutangaza shuleni.

Kwenye kundi tukakubaliana tutafute gemu la mbio la mtandaoni tuwe tunakutana huko, na kazi ya kuonja nikapewa mimi. Nimeonja manne kwa wiki tatu.

iRacing ni la Wamarekani, lipo tangu 2008. Unalipia kwa kipindi, na juu ya hapo magari na viwanja vingi unanunua kimoja kimoja. Nidhamu yake nimeipenda: ukitoka nje ya barabara au ukimgonga mwenzio unaandikiwa alama za makosa, zikizidi leseni yako inashuka daraja. Kwa tabia zetu za mezani tungefungiwa wote. Ila laptopu yangu ya ofisini haikuliweza, nililijaribu kwa mashine ya shemeji, na kulipakua tu kulimaliza bando.

Assetto Corsa ni la Kunos Simulazioni wa Italia, 2014. Unanunua mara moja, basi. Viwanja kama Monza na Spa vilipimwa kwa leza, wanasema kila kishimo cha lami unakisikia kwenye usukani. Mimi usukani sina. Laptopu ilihema mpaka nikashusha picha zikabaki kama katuni.

Live for Speed ni kongwe, limetengenezwa na watu watatu tu. Toleo la majaribio ni la bure: kiwanja kimoja, Blackwood, na magari matatu, na unaruhusiwa kuingia mtandaoni ukakimbia na wengine. Kwenye laptopu yangu lilitembea kama maji.

RVGL ni Re-Volt ya 1999 iliyoandikwa upya na wapenzi wake, ya bure. Si sloti, ni vigari vya rimoti vinavyokimbia mitaani, supamaketi na makumbusho. Mwanangu hajaniachia tena laptopu.

Mimi naegemea Live for Speed. Lakini kuna kitu kinakosekana na sijui nikiite nini. Wenye uzoefu nisaidieni.

Kijana_wa_Chuo
Mkuu samahani, nimeingia humu nikidhani sloti ni lile dubwi la kutumbukiza sarafu. Nimesoma mpaka kwenye karanga ndiyo nikashtuka.

Nkuhungu_NjiaNne
Hahaha, mke wangu naye alidhani hivyo hivyo siku niliyomwambia nimenunua. Ni vigari vya umeme mdogo wangu. Chini kina ulimi unaoingia kwenye mfereji wa reli, pembeni ya ulimi nyuzi za shaba zinagusa vyuma viwili na kuvuta moto. Mkononi una kifyatuo kimoja tu. Ukikibana gari linakwenda, ukizidisha kwenye kona linaruka na kutua chini ya kochi.

Fundi_Kisasa
Kaka, hicho kinachokosekana nakijua, ni kidole.

Kwenye sloti usukani haupo. Akili yote iko kwenye kidole cha shahada: ubane kiasi gani, uachie wapi. Na kuachia siyo kuachia tu. Kwenye vifyatuo vyetu vya waya, ukiachia kabisa, ncha mbili za mota zinaunganishwa pamoja, mota inageuka jenereta na kujikaba yenyewe. Ndiyo breki yetu. Mtu aliyezoea hilo anasoma kona kwa kuachia. Ukimpeleka kwenye simuleta kubwa (gemu linaloiga gari la kweli), umempa kazi ya mikono miwili ambayo hajawahi kuifanya, halafu kipaji chake chote umekifungia kwenye pedali moja. Niliwahi kumweka bingwa wetu wa Ijumaa kwenye Assetto Corsa. Mzunguko wa kwanza aliumaliza akiwa ameelekea alikotoka.

Kitu kingine, ondoeni sumaku. Gari la Scalextric likiwa na sumaku chini linang'ang'ania vyuma vya reli, unapita kona kama umegundishwa. Ukiitoa, nyuma inaanza kuteleza, na hapo ndipo sloti na simuleta vinapoanza kufanana. Anayekimbia bila sumaku ataielewa Live for Speed haraka kuliko mwenye sumaku. Nimeliona hilo kwa watu watatu tofauti, wakiwemo wawili mlionao kwenye kundi lenu.

Kuhusu gemu la sloti yenyewe, kwenye PlayStation 2 (PS2) liliwahi kutoka Grooverider, 2003. Kidole na kubadili njia, basi. Mwenye PS2 iliyolala kabatini aiamshe, ila la mtandaoni usitegemee.

Kwa hiyo nashauri Live for Speed, lakini mtumie pedi ya PlayStation, gesi muiweke kwenye R2, kile kitufe cha kidole cha shahada. Msinunue usukani kwanza.

Mama_Ipagala
Nyie kaka zangu mnaongea kama watoto hawapo. Mimi nina wawili, na reli yetu ndogo ya Carrera ilinunuliwa kwa ajili yao, ingawa baba yao ndiye anayekaa nayo usiku. RVGL imewekwa mwisho kama nyongeza wakati kwangu ndiyo ya kwanza. Inakubali hata kwenye simu ya Android. Na ile Re-Volt ilikuja na sehemu ya kutengeneza njia yako mwenyewe, unaunga kipande kwa kipande: nyoofu, kona, mlima. Watoto wameunga njia inayofanana na ya mezani kwetu, mpaka ile kona mbovu ya karibu na friji. Kuendesha ni nusu ya sloti. Nusu nyingine ni kukaa chini kwenye mkeka mkibishana kipande kipi kiende wapi. Kati ya hayo manne, wewe ni lipi limekupa hiyo?

Fundi_Kisasa
Dada hapo umenibana. Nakubali.

Mwanza_KwaMuda
Ndiye mimi niliyehamishwa. Kwanza mtani Nkuhungu, hizo karanga nilikuwa naleta mimi, usijipe sifa.

Pili, mmesahau mtandao wenyewe. Haya magemu, kila mashine inakisia gari la mwenzako liko wapi mpaka taarifa mpya ifike. Seva (kompyuta inayounganisha wachezaji) ikiwa Ulaya, taarifa zinachelewa, unaona gari la mtu linaruka kama panzi, na ukigongwa kosa ni lako ingawa kwenye kioo chako hakuna aliyekugusa. Kwa hiyo seva iwe hapa nyumbani. Kwenye Live for Speed na Assetto Corsa unafungua yako. Lakini anayetumia bando la simu asijitolee, kwa sababu simu nyingi zinagawana anwani moja ya IP na wengine hawataweza kuingia kwako. Anayefaa ni mwenye faiba nyumbani. Nadhani ni yule wa Dar.

Na ikishindikana, tusikimbie pamoja kabisa. Kila mtu azunguke peke yake Blackwood, mizunguko kumi, atume picha ya muda wake bora. Mezani kwetu kila mtu ana mfereji wake, hakuna kuzibiana njia. Mtu anakugusa pale tu mkia wake unapoteleza kwenye kona (na unajua namsema nani). Kushindana na saa kunafanana na sloti kuliko kusukumana na wageni kwenye seva.

Mtumba_Mtumishi
Nimewasoma kimya kimya siku mbili. Mimi nilihamia Dodoma na wizara, meza yangu iko Dar bado kwa mdogo wangu, kwa hiyo kilio chenu nakijua.

Mbona hamjataja njia ya wenzetu wa Ulaya na Marekani? Wana mbio ambazo magari yanasafiri na wenyewe wanabaki. Kila mtu anatengeneza gari lake, analiweka kwenye boksi, boksi linatumwa klabu hadi klabu. Wenyeji wanayaendesha yote kwenye reli yao, wanaandika muda, wanalituma boksi mbele. Mwisho wanajumlisha. Wao wanatumia posta. Sisi tuna kitu cha haraka zaidi: parseli ya basi. Gari la 1:32 ni dogo kuliko boksi la viatu. Dodoma hadi Mwanza ni safari ya siku moja, na Manyoni boksi linashuka njiani.

Hapo hakuna laptopu, hakuna bando, na kidole cha Fundi kinabaki kazini.

Fundi_Kisasa
Mzee shikamoo. Wazo zuri, ila lazima sheria zikae kwanza. Umeme uwe sawa kote, volti 12, mtu asije akatuongezea kwa siri. Sumaku nje. Na vumbi! Miezi hii ya upepo hapa Dodoma nyuzi za shaba zinajaa mchanga baada ya mizunguko ishirini, wakati Mwanza wanafuta mara moja kwa wiki. Mwenyeji afute reli na nyuzi kabla ya kila gari, la sivyo gari la kwanza litakula vumbi la wengine wote. Kuhesabu muda natumia Race Coordinator, programu ya bure, na Arduino (kompyuta ndogo ya kuunga mwenyewe) yenye vihisi chini ya mstari wa kumalizia. Atakayeshindwa kuunga nitamwelekeza kwa video.

Mwanza_KwaMuda
Reli huku sina bado. Nipeni mpaka mshahara.

Nkuhungu_NjiaNne
Wakuu nimewapata. Tunafanya hivi: Ijumaa saa tatu usiku Live for Speed, Blackwood, gari XF GTI kwa wote, pedi, mizunguko kumi, kila mtu na saa yake. Wa Dar akifungua seva tutajaribu kukimbia pamoja wiki inayofuata. Watoto Jumamosi kwenye RVGL, na Mama Ipagala ndiye refa, naomba asikatae. Boksi litaanzia kwangu, liende Manyoni, lirudi Dar, Mwanza litafika mshahara ukifika.

Mtumba, njoo Ijumaa hata kama meza yako iko mbali, kiti kipo. Kijana wangu ameshachagua gari la kuweka kwenye boksi, la bluu. Ameandika jina lake chini kwa makapeni, anasema baba mdogo wa Mwanza haaminiki.