Binti yangu kaambiwa ana Ebstein, valvu ya moyo imekaa chini. Naombeni kueleweshwa

Mama Tusa, Uyole
Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za saa hizi. Nina binti ana miaka 8, tangu mdogo anachoka haraka kuliko wenzie, akipanda kale kamlima ka kutoka bombani lazima atue ndoo akae, na midomo inakuwa ya bluu hasa mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya huku mnaijua kwahiyo tukawa tunasema ni baridi tu. Akatibiwa pumu weee, baadae hospitali moja wakasikia moyo una kelele wakasema ni baridi yabisi imekula valvu, akaanzishiwa sindano za penisilini za kila mwezi. Sasa tumepigwa eko ya moyo, ile ultrasound ya kuangalia moyo unavyofanya kazi, daktari bingwa kaandika Ebstein, anasema kazaliwa nayo, valvu ya kulia imekaa chini inavujisha na kuna katundu kati ya vyumba vya juu. Katuandikia rufaa ya Dar.

Naomba kujua ni lazima apasuliwe? Na kuna kitu kinanitisha zaidi, siku nyingine amekaa tu anakula moyo unaanza kwenda mbio ghafla, ukiweka mkono kifuani juu ya sweta mapigo hayahesabiki, jasho linamtoka, afu yanakata ghafla vilevile na yeye anaomba chai kama hakuna kilichotokea. Bibi yake anasema huu si ugonjwa wa hospitali. Nimechanganyikiwa kwa kweli.

Tabibu wa Iringa
Kamwene mama Tusa, pole sana. Ngoja nieleze taratibu. Kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kulia wa moyo kuna valvu inaitwa trikaspidi. Kwa mwanao vipande viwili vya hiyo valvu vimeshikia chini ndani ya chumba cha chini badala ya pale mpakani, ni sawa na nyumba ambayo fundi kaweka mlango katikati ya sebule, sebule iliyobaki inakuwa ndogo na mlango wenyewe haufungi vizuri. Damu inarudi juu, chumba cha juu kinatanuka, na kwa kuwa kuna tundu ile damu ambayo haijapita kwenye mapafu inapenya kwenda kushoto na kusambaa mwilini, ndo maana ya ule ubluu.

Ni ugonjwa adimu, haufiki hata mmoja kati ya watoto 100 wenye ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, ndo maana wengi wetu tunaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao. Aliyeueleza wa kwanza ni daktari Mjerumani Wilhelm Ebstein mwaka 1866, baada ya kumpasua kijana wa miaka 19 aliyekwisha kufariki. Kuhusu baridi yabisi, huku kwetu watoto wa umri wa shule wenye kelele kwenye moyo wengi ni hiyo kweli, ila yenyewe kwa kawaida inaanza na valvu za upande wa kushoto. Ikionekana ya kulia peke yake ndo mbovu na mtoto alikuwa bluu tangu mdogo inabidi mtu ajiulize mara mbili. Eko ndo inayokata mzizi wa fitina, wanapima kipande cha katikati kimeshuka kiasi gani kulinganisha na valvu ya kushoto, kikizidi milimita 8 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili wa mtoto ndo wanasema Ebstein. Hizo sindano za penisilini Ebstein haizihitaji, lakini usizikatishe mwenyewe, muulize bingwa azifute kwa maandishi kwenye faili.

Na ubluu usiuangalie kwenye vidole maana baridi ya Uyole inafanya vidole vya kila mtu viwe bluu na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kinadanganya mkono ukiwa wa baridi. Mpashe mikono kwanza, afu angalia ULIMI. Ulimi ukiwa wa bluu hiyo sio baridi. Pia Mbeya ni juu, kama mita 1,700, oksijeni ya mtoto mzima huku inaweza kusoma chini kidogo kuliko ya Dar, kwahiyo andika namba zake za nyumbani akiwa ametulia uende nazo.

Baba G wa Tukuyu
Mama Tusa nakuelewa mno, wa kwangu wa kiume ana hiyohiyo. Kwanza ujue sio kila mwenye nayo anapasuliwa. Wapo ambao valvu imeshuka kidogo wanaishi mpaka utu uzima wanafuatiliwa tu, wengine wanapewa dawa ya kukojoza na ya kutuliza mapigo. Upasuaji wanaufikiria mtoto akiwa anazidi kuchoka, anazidi kuwa bluu, moyo unazidi kutanuka kwenye picha au mapigo yanasumbua. Na wakipasua siku hizi wakiweza wanaitengeneza valvu yake mwenyewe, wanaizungusha upya iwe na umbo la koni, hiyo njia aliianzisha daktari wa Brazili José Pedro da Silva mwaka 1993. Kuweka ya bandia kwa mtoto ni shida maana anakua inabaki ndogo.

Kule Dar mnaenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ipo palepale Muhimbili. Nenda na barua ya rufaa, CD ya eko sio karatasi tu, karatasi zote za ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na kadi ya kliniki. Ni zaidi ya kilomita 800 na mtoto akiwa bluu damu inakuwa nzito, basi njiani anywe maji, usimnyime eti asisumbue kuchimba dawa. Kama huna bima pitia ustawi wa jamii wa hospitali inayokupa rufaa kabla hujaondoka, ukifika Dar mikono mitupu ndo utaanza kuhangaika.

Bibi usigombane nae. Mimi mama yangu nilimpeleka kliniki, daktari akamuonyesha kwenye skrini damu inavyorudi nyuma, toka hapo yeye ndo anatukumbusha dawa.

Mdau Mafinga
Pole dada. Mimi naona asicheze kabisa wala asiende shule mpaka apone.

Tabibu wa Iringa
Hapana mkuu, shule aende. Acheze kwa kadiri anavyoweza na aruhusiwe kukaa akichoka, asilazimishwe mchakamchaka wala mashindano. Omba barua ya daktari umpe mwalimu wa darasa mkononi.

Dada wa Makambako
Mimi ninayo, nina miaka 31, sijapasuliwa, nina mtoto mmoja. Ujauzito wote nilifuatiliwa na daktari wa moyo pamoja na wa wajawazito, nisingethubutu bila hivyo. Meno ya mtoto myatunze sana, na akitakiwa kung'oa jino semeni kwanza ana moyo, akiwa bluu anaweza kuhitaji antibaotiki kabla ili wadudu wasikimbilie kwenye valvu.

Mama Tusa, Uyole
Ndaga fijo wote, mungu awabariki. Leo nimeangalia ulimi una ubluu kidogo. Sasa ule moyo kwenda mbio nifanyeje ukianza usiku?

Tabibu wa Iringa
Huo ndo wa kuuwahi mama. Baadhi ya wenye Ebstein wanazaliwa na njia ya ziada ya umeme kwenye moyo, mapigo yanazunguka humo, ndo maana yanaanza ghafla na kukata ghafla. Ukianza mwambie ajikamue kama anayetaka choo kubwa, au muwekee kitambaa cha maji ya baridi sana usoni sekunde chache bila kumziba pua. Usipokata haraka, au akilegea, akizimia, akiumwa kifua, nenda hospitali usiku huohuo usisubiri kukuche. Omba wapige ECG UKIWA BADO UNAKIMBIA, hiyo karatasi ina thamani kuliko maelezo yote, na useme mapema ana Ebstein kwa sababu dawa za mapigo kama digoksini na verapamili zinaweza kuwa hatari kwa mwenye njia ya ziada. Wakimuwekea dripu waombe mpira usiwe na hewa hata kidogo, kwa hilo tundu hewa inaweza kwenda kichwani. Hiyo njia ya ziada baadae inaweza kuunguzwa kwa waya unaopita kwenye mshipa wa paja, ulizia Dar.

Rufaa yako ni ya tarehe ngapi?

Mama Tusa, Uyole
Hawajaandika tarehe, wamesema nisubiri simu.

Baba G wa Tukuyu
Usisubiri simu mama. Kesho asubuhi rudi kwa aliyeiandika, mwambie ulimi ni bluu na moyo unakimbia usiku, aandike hayo kwenye barua na apige mwenyewe. Nitumie ujumbe nikuelekeze pa kufikia.