Msaada wakuu: .303 ya marehemu mzee imekata ganda katikati, na nina maganda 23 nataka kuyajaza upya

Shamba_Siha
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Ngarenairobi huku Siha, nalima viazi na ngano kidogo. Mzee alivyofariki nilihangaika na mirathi, nikahangaika tena na polisi karibu mwaka mzima hadi leseni ya bunduki yake ikatoka kwa jina langu, kwahiyo kabla hamjaniuliza, kitabu ninacho. Ni .303 ya zamani ya jeshi la Waingereza, ubavuni pale nyuma ya bolti imeandikwa B.S.A. Co 1917 SHT.LE III, ila mzungu aliyemuuzia mzee alishakata mbao zote za mbele na mtutu akaufupisha, ukiiona unadhani ilizaliwa ya kuwindia.

Sasa ishu. Juzi usiku nguruwe pori wameingia kwenye viazi nikapiga moja juu kuwafukuza. Mlio ukawa wa ajabu, moshi ukanirudia machoni, nikavuta bolti nzitooo, kikatoka kipande cha ganda kama kizibo cha soda ila kirefu kidogo. Nusu ya mbele imebaki ndani, risasi nyingine haiingii.

Kwenye sanduku la mzee kuna maganda matupu 23, kimashine cha mkono cha kukandamizia maganda wakati wa kujaza na kopo la baruti nusu, lebo imeliwa na mende. Risasi za saizi hii kuzipata shughuli na bei imenishinda. Fundi pikipiki mmoja hapa Sanya Juu kaniambia leta tujaze tu, eti ni kama kujaza gesi. Mnasemaje?

Mangi_Kibosho
Aisee huyo fundi pikipiki mwambie aanze kujaza mbele ya mke wake 😂😂 Halafu mangi hiyo uliyopiga juu imeshukia wapi?

Shamba_Siha
Bado naomba Mungu mkuu.

Baba Neema
Mwanangu nimekuwa fundi silaha kazini miaka 19, soma taratibu.

Kwanza ACHA kulazimisha risasi nyingine iingie. Hilo ganda lililobaki lina kifaa chake cha kulitolea, usichokoe na bisibisi utakwangua chemba.

Pili, kwanini limekatika. Ganda la .303 lina ukingo kitakoni, huo ukingo ndio unaolizuia lisizame. Chemba za jeshi zilichongwa na nafasi ya ziada ili risasi yenye tope la vitani iingie tu. Ukipiga, ganda linavimba, mbele linang'ang'ania ukuta wa chemba, kitako kinarudi nyuma mpaka kigonge bolti, kwahiyo shaba inavutika pale juu kidogo ya kitako. Mara ya kwanza haikatiki. Mtu akilijaza upya, akalibana lote lirudi umbo la kiwandani, akapiga tena, linavutika palepale. Mara ya tatu ya nne linaachia. Mimi nina hakika hiyo uliyopiga ilishajazwa, na alikuwa ni mzee mwenyewe au huyo mzungu.

Fanya hivi: chukua waya mwembamba, nyoosha, ncha ikunje kidogo kama kucha ya paka, ingiza kwenye ganda moja moja ukikwaruza ukuta kutoka chini. Ukisikia ncha inadumbukia kwenye mfereji karibu na kitako, hilo limekwisha. Nje mara nyingine utaona mstari unaong'aa umelizunguka.

Na bunduki yenyewe ipimwe kwa geji nafasi ya bolti, yaani ile inayoachwa kwa ukingo wa ganda kati ya bolti na chemba. Ya jeshi inaanzia inchi 0.064, ikifika 0.074 haipigwi tena. Namba 4, toleo la baadaye la bunduki hii, ina vichwa vya bolti vya saizi tofauti vimeandikwa 0 hadi 3, hii yako ya 1917 haina namba, fundi anajaribisha kimoja kimoja.

Tajiri_wa_Njoro
Mmerukia ufundi mmesahau sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, leseni ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa ya kugeuza jiko kuwa kiwanda. Huko Marekani watu wanajaza gereji kwao wikiendi kama sisi tunavyochoma nyama, tusichanganye mambo. Kopo hilo na kimashine kaongee na OCD wako (mkuu wa polisi wa wilaya) mapema kabla mtu hajakuongelea.

Usa_River_Boy
Nyongeza kidogo kwa wenye Mauser za Mjerumani, maana huku nazo zipo. Risasi zake za 8mm ni aina mbili, ya zamani kichwa chake kina unene wa inchi 0.318, kuanzia miaka ya 1903-1905 wakaja na 0.323, na ganda linafanana! Ukisukuma kinene kwenye mtutu mwembamba presha inapanda vibaya. Na zilizobadilishwa ndio pasua kichwa, nje imeandikwa hivi ndani imechongwa vingine.

Baba Neema
Kweli kabisa. Na wewe wa Siha, lile kopo fungua nje, sio ndani. Baruti nzima inanuka kama rangi ya kucha. Ikinuka kali ya kuchoma pua au ukaona vumbi jekundu kama kutu, imeoza, usiihifadhi hata siku moja.

Shamba_Siha
Mrejesho. Nimepita na waya maganda yote 23. Kumi na manne waya umedumbukia, hata kijana wangu wa darasa la tano kasikia. Moja nimelibana na koleo likakatika kama biskuti. Kopo nimefungua kule kwenye migomba, vumbi jekundu limejaa mdomoni. Nimepiga simu kituoni, wamesema nisilipeleke na bodaboda, watakuja wenyewe.

Mangi_Kibosho
Na fundi pikipiki?

Shamba_Siha
Anauliza kimashine nakiuza bei gani.