Modeli ya chuma cha moto kwenye rola: joto chini ya ngozi linapita la tanuri

Mwanga_Kgm: Wakuu, nina modeli ya kompyuta ya mche wa chuma unaoingia kwenye rola ukiwa 1,100°C. Rola ni 60°C, nusu kipenyo mm 200, unene unapungua mm 10 kwa pasi moja, mwendo m 2 kwa sekunde. Elementi (vipande vidogo ambavyo modeli imekigawa chuma) ni za mm 2, hatua ya muda sekunde 0.001. Ngozi, yaani uso wa chuma, inapoa, sawa, lakini nodi (pointi elementi zinapokutana) ya pili chini yake inasoma 1,118. Joto hilo linatoka wapi?

Fuawe_Tabora: Zima kwanza joto la kukandamizwa, maana lenyewe hupandisha nyuzi kumi na ushei. 1,118 ikibaki, kosa ni la meshi, yaani mgawanyo wa elementi. Urefu wa mguso ni kipeuo cha pili cha 200 × 10, yaani mm 45, sawa na sekunde 0.022. Kwa muda huo baridi hupenya theluthi moja ya milimita tu! Elementi ya mm 2 haiwezi kuuona mteremko huo, ndiyo maana nodi jirani inaruka juu. Weka mm 0.05 kwenye ngozi, zinenepe kuelekea ndani, na hatua ya muda 0.0001.

Mwanga_Kgm: 1,118 imeondoka, asante mkuu. Sasa ngozi inaporomoka zaidi ya nyuzi 300. Kizigeu cha mguso (kasi ya joto kupita kutoka chuma kwenda rola) ni wati 30,000 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi.

Fuawe_Tabora: Magamba je, lile tabaka la oksidi juu ya chuma cha moto? Yale yale yanayoruka mhunzi akigonga jembe jekundu. Yanapitisha joto kama sehemu moja ya kumi ya chuma. Gamba la mm 0.1 linazuia joto sawa na mguso wako mzima, hivyo 30,000 inakuwa 15,000 na ngozi inashuka nyuzi 190 hivi. Ila hiyo 30,000 umeitoa wapi? Kama ilipimwa kwa themokapo (waya za kupimia joto) kwenye chuma chenye magamba, yamo tayari, usiyahesabu mara mbili.

Bati_la_Moto: Naongezea. Unene wa gamba usiuhesabu tangu tanurini. Maji ya presha yakishalibandua linaanza upya, na hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: muda mara nne, unene mara mbili. Likipoa chini ya 850 hivi halinyumbuki, linapasuka mdomoni mwa rola, na chuma kinachomoza nyufani kigusane na rola moja kwa moja. Ngozi yako ya 900 iko mpakani, kwa hiyo jaribu pia modeli yenye gamba lililokatwa vipande.