Mrejesho: programu iliyogoma kuanza mashine ikiwashwa

Asanteni wakuu. Swali lilikuwa hili: mstari "@reboot kusanya" upo kwenye crontab (orodha ya kazi ambazo cron ya Linux huzianzisha yenyewe), programu hiyo, kusanya, ikiitwa kwa mkono inakimbia vizuri, lakini mashine ikiwashwa upya, kimya.

Aliyesema niangalie PATH (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa) alilenga penyewe. Cron haisomi .profile wala .bashrc (faili za mipangilio ya mtumiaji), kwenye Linux hii ya Debian PATH yake ni /usr/bin:/bin tu, na programu inakaa /usr/local/bin. Kosa halikuonekana kwa sababu cron hutuma matokeo kwa barua pepe ya ndani, na hapa hakuna huduma ya barua. Nilipoyaelekeza kwenye faili, likasema wazi:

/bin/sh: 1: kusanya: not found

Mstari sasa ni huu:

@reboot sleep 20 && /usr/local/bin/kusanya >> $HOME/anza.log 2>&1

Hiyo sleep 20 ni kiraka, nakiri. Bila hiyo programu huamka kabla mtandao haujawa tayari, inaikosa seva, inakufa. Dawa yenyewe ni yuniti (faili ya maelekezo) ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, yenye After=network-online.target (isubiri mtandao uwe tayari) na Wants= ya jina hilohilo (After peke yake hupanga foleni tu, haimwiti mtu), kisha systemctl enable (ianze kila mashine ikiwashwa). Ukifanya start (ianze sasa hivi tu) bila enable, ukiwasha upya unarudi palepale.